Chunusi za mtoto wa miaka 8 hadi 12: ondoa kwanza, ndipo upake

Mtoto wa miaka 9 ana vipele vidogo vimejipanga kwenye paji la uso, chini kidogo ya nywele zinapoanzia. Nyumbani kila mtu ana jibu lake. Bibi anasema ni joto, shangazi anasema ni damu chafu, dada wa kazi anasema ni zile chipsi. Kifua bado, sauti bado, hedhi haijaonekana, kwa hiyo hakuna anayetaja chunusi. Mara nyingi ndizo.

Chunusi hutangulia. Tezi mbili zinazokaa juu ya figo huamka kati ya miaka 6 na 8 hivi, mapema kuliko ovari au korodani, na kuanza kutoa homoni za jamii ya kiume, kwa wasichana na wavulana vilevile. Homoni hizo ndizo zinazoleta harufu ya kwapa, na ndizo zinazoziamsha tezi za mafuta za ngozi. Tezi hizo zimejaa zaidi kwenye paji la uso, pua na kidevu, ndiyo maana vipele huanzia hapo na si mashavuni au mgongoni. Ndani ya kitundu cha kinyweleo, ngozi iliyokufa hugandamana na mafuta ikawa kizibo. Baadaye bakteria ambao kila mtu anao kwenye ngozi hustawi nyuma ya kizibo, kitundu kinavimba, usaha unafuata. Katika umri huu wengi wako bado kwenye hatua ya vizibo, na hiyo ndiyo hatua rahisi kutibu.

Wazee wa pwani wakisikia chunusi hufikiria kwanza yule wa majini anayewavuta waogeaji chini. Huyu wa usoni hazamishi mtu, ila akichokorwa huacha alama. Na katika ngozi nyeusi, alama hukaa muda mrefu kuliko kipele chenyewe. Kwa hiyo kazi ya mzazi ina sehemu mbili: kuondoa vinavyochochea na vinavyochubua, halafu kuongeza dawa moja, kidogo, na kuipa wiki 12. Wengi huanzia sehemu ya pili, wakakosa zote mbili.

Mtazame kando ya dirisha

Mkalishe mtoto kando ya dirisha mchana, mwanga umpige ubavuni, si usoni moja kwa moja. Tochi ya simu ikimulika mbele hufuta vivuli, na vipele vidogo vinapotea. Uso uwe umeoshwa na haujapakwa kitu. Weka vidole viwili juu ya nyusi, uvute ngozi taratibu kuelekea pande mbili.

Ngozi ikinyooka hivyo, chunusi hujitaja zenyewe. Utaona vinundu vidogo vya rangi ya ngozi au vyeupe, kama punje za mchanga chini ya kitambaa. Hivyo ni vizibo vilivyofunikwa. Kwenye pua na kidevu utaona vitundu vyenye ncha nyeusi. Hivyo ni vizibo vilivyo wazi. Weusi ule si uchafu. Ni rangi ya ngozi yenyewe na mafuta yaliyokutana na hewa, kwa hiyo hata ukisugua hadi jioni hautoki. Chunusi iliyovimba kwenye ngozi nyeusi haionekani nyekundu kama kwenye picha za vitabuni. Huwa ya zambarau au kahawia iliyokolea, na ukigusa mtoto atasema inauma.

Usipoona kizibo hata kimoja, tilia shaka kwamba ni chunusi. Vinavyofanana nazo ni hivi.

Harara huja na joto na jasho, hukaa zaidi shingoni, kwenye mikunjo na kifuani, huchomachoma, na mtoto akikaa kwenye ubaridi hupungua ndani ya siku mbili tatu.

Fangasi ya vinyweleo ndiyo inayowadanganya wengi. Vipele vyote vina ukubwa mmoja, vinawasha, viko kwenye paji la uso na juu ya mgongo, na huzidi baada ya mtoto kunywa antibayotiki au kupakwa mafuta mengi. Chunusi kwa kawaida haziwashi sana. Dawa za chunusi haziigusi sawasawa. Inahitaji dawa ya fangasi.

Vipele vya virusi vinavyong'aa kama lulu vina kishimo katikati. Huota popote, hata kwenye kope na tumboni. Huisha vyenyewe, lakini kwa miezi mingi, na kuvikamua huvisambaza.

Vidonda vya bakteria huacha gaga la rangi ya asali karibu na pua au mdomo na kuhamia haraka kwa ndugu wa kitanda kimoja. Hapo nenda kituo cha afya.

Mashavu na mikono ya juu iliyokwaruza kama meno ya mbuzi ya kukunia nazi, bila usaha, ni ukavu wa vinyweleo. Huo unataka mafuta ya kulainisha, kinyume kabisa na chunusi.

Na kuna vinundu vya rangi ya waridi au kahawia vilivyoanza utotoni kabisa pande mbili za pua na haviji na kuondoka. Kama mtoto huyo ana kifafa, au ana mabaka meupe yenye umbo la jani mwilini, mpeleke hospitali bila kujaribu dawa yoyote ya chunusi.

Umri unasema nini

Chunusi za miaka 7 hadi 12, zikiwa vizibo vya paji la uso na pua, ni sehemu ya kukua. Kati ya mwaka 1 na 6 si kawaida, hata zikiwa chache, na mtoto huyo anahitaji kuchunguzwa homoni.

Hata aliye kwenye umri wa kawaida, mwangalie mwili mzima. Matiti au nywele za sehemu za siri kwa msichana kabla ya miaka 8, nywele hizo au kukua kwa korodani kwa mvulana kabla ya miaka 9, kurefuka ghafla akawapita wenzake wa darasa, sauti kuwa nzito, ndevu kwa msichana: hizo ndizo dalili za kumpeleka kwa daktari. Chunusi peke yake si dalili ya kubalehe mapema mno.

Wasichana wanaopata vizibo vingi mapema huelekea kupata chunusi kali zaidi baadaye. Kuanza matibabu mapema na kwa upole kuna faida, si urembo wa bure.

Ondoa kabla ya kuongeza

Leta mezani kila kinachogusa uso wa mtoto: sabuni, mafuta, krimu, mafuta ya nywele, taulo. Soma maandishi.

Cha kwanza kutoka ni krimu ya mchanganyiko, ile inayouzwa duka la dawa kwa kila kipele: ndani yake kuna dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe. Steroidi ndiyo inayofanya ipendwe. Siku tatu za mwanzo uvimbe unanywea, uso unang'aa, mzazi anamsifia muuzaji. Baada ya wiki kadhaa ngozi inakuwa nyembamba, mishipa midogo inaanza kuonekana, na vipele vipya vinatoka, vyote vya ukubwa mmoja, hasa kuzunguka mdomo na pua. Mzazi anapaka zaidi. Hapo ndipo tatizo dogo la vizibo linapogeuka la mwaka mzima. Kwenye boksi tafuta majina yanayoishia na -sone, -solone au -tasol. Ukiyaona, haiendi usoni kwa mtoto mwenye chunusi.

Krimu za kung'arisha na mkorogo ni hatari hiyohiyo na zaidi, kwa sababu nyingine zina haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, au zebaki. Mtoto hahitaji kupakwa yeye mwenyewe: akilalia foronya ya mama anayejipaka, au akishiriki kopo la mafuta lililochanganywa, anapata sehemu yake.

Ukiacha steroidi, tarajia uso kuchachamaa ndani ya siku chache hadi wiki mbili. Hiyo si dalili kwamba krimu ilikuwa inasaidia. Usiirudie. Osha kwa sabuni laini, paka mafuta mepesi, basi. Lakini kama mtoto amepakwa krimu kali mwili mzima kwa miezi, usimwachishe ghafla kwa uamuzi wako: tezi zake za juu ya figo huenda zimelala, na kuziamsha kunahitaji daktari.

Cha pili ni mafuta ya nywele. Chunusi zinazofuata mpaka wa nywele na pande za kichwa, huku kidevu kikiwa safi, mara nyingi zinatoka kichwani. Mafuta ya mgando ya rangi, jeli ya kulazia nywele za mbele na mafuta ya kusukia huyeyuka kwa joto na kuteremka. Msusi apake kwenye mistari ya kichwa tu na aache upana wa vidole viwili kutoka mpaka wa nywele. Akimaliza, futa paji la uso kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Usiku mtoto alale amefunga kitambaa cha pamba, na kitambaa kifuliwe angalau mara mbili kwa wiki. Kubadilisha hili tu huonyesha tofauti, ingawa huchukua wiki 6 hadi 8, maana vizibo vilivyokwisha kujijenga havitoki siku moja.

Mafuta ya mgando usoni, na mafuta ya nazi, siagi ya kakao au ya shea, vinafaa kwa miguu na mikono. Toa usoni. Kama uso unakauka, tafuta losheni nyepesi isiyo na manukato, ambayo kwenye chupa imeandikwa haizibi vitundu vya ngozi.

Dodoki, jiwe, na kitambaa cha kukwangua, vyote vitoke. Tundu la kinyweleo likisuguliwa hupasuka ndani, na mafuta yanayomwagikia kwenye nyama ndiyo yanayoleta chunusi kubwa yenye maumivu.

Limau huchoma, na ngozi yenye maji ya limau ikipigwa na jua inaweza kuungua na kuacha baka jeusi. Dawa ya meno, magadi na kitunguu saumu huchubua. Mkojo wa asubuhi haujawahi kutibu kitu, hujaribu subira ya mtoto tu. Liwa na manjano si sumu, lakini havizibui vitundu, na manjano huacha rangi itakayokuzuia kuona kama ngozi inabadilika. Kama bibi anasisitiza liwa, iwe Ijumaa kwa ajili ya kunukia, dakika kumi, kisha ioshwe.

Kwa anayevaa ushungi au kofia ya shule: angalia ukingo unaokaa juu ya paji la uso. Ukibana na kushika jasho, vipele hujipanga kwenye mstari huohuo. Vitambaa vitatu vya pamba vya kubadilisha ni bora kuliko kimoja cha nailoni, na kilichovaliwa leo kifuliwe kabla ya kurudi kichwani.

Kuosha uso

Mara mbili kwa siku, na mara ya tatu akitoka kwenye mpira. Si zaidi. Kuosha mara tano kunakausha ngozi, na ngozi kavu iliyochubuka haitavumilia dawa.

Sabuni ya mche na sabuni nyingi za kuua vijidudu ni kali kwa uso. Ngozi ina asili ya uchachu kidogo, sabuni hizo ziko upande wa pili, na mtoto huhisi uso umekaza kama ngoma. Chukua sabuni laini isiyo na manukato. Alowe uso kwa maji ya uvuguvugu au ya kawaida ya bomba, afanye povu viganjani, alipitishe usoni kwa vidole kwa sekunde 20 hadi 30, asuuze hadi utelezi uishe, hasa kwenye mpaka wa nywele na chini ya kidevu ambako povu husahaulika. Ajipanguse kwa kugusagusa, na taulo iwe yake peke yake.

Kama vizibo ni vichache, labda kumi au kumi na tano, sabuni hiyo na kuondolewa kwa mafuta huenda vikatosha. Subiri wiki nane kabla ya kununua kitu.

Dawa ya kwanza

Kwa mtoto mwenye vizibo pamoja na chunusi chache zilizovimba, pa kuanzia ni benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5. Zipo za 5 na 10 pia, na wauzaji hupenda kukupa ya 10 kwa sababu inaonekana ya nguvu. Ya 2.5 hufanya karibu kazi ileile kwa chunusi za usoni na huchubua kidogo kuliko hizo kali. Ikikosekana, chukua ya 5 kwa mtindo wa kuosha: paka kwenye ngozi iliyolowa, hesabu dakika 2 hadi 5, suuza. Vijikaratasi vingi vya dawa hizi vinataja miaka 12 na kuendelea. Hiyo haimaanishi ni sumu kwa mtoto wa miaka 9. Inamaanisha uongee na tabibu au mfamasia kwanza.

Vikiwa vizibo vitupu bila usaha, adapaleni ya asilimia 0.1 ndiyo inayolenga mzizi, kwa sababu inazuia ngozi iliyokufa isigandamane. Marekani wameidhinisha mchanganyiko wa adapaleni 0.1 na benzoili peroksaidi 2.5 kwa watoto kuanzia miaka 9. Chini ya umri huo, aandike daktari. Sabuni ya asidi ya salisiliki ya asilimia 0.5 hadi 2 ni njia nyepesi zaidi kwa asiyevumilia hizo mbili.

Antibayotiki ya kupaka kama klindamaisini isitumike peke yake. Bakteria huizoea, na ikishazoewa umepoteza silaha. Iende sambamba na benzoili peroksaidi, kwa maelekezo.

Jaribu kwanza nyuma ya taya, eneo la sarafu moja, usiku tatu mfululizo. Kuchoma kidogo na kukauka ni kawaida. Kuvimba, malengelenge au muwasho mkali ni mzio, iache kabisa.

Halafu ratiba:

- Wiki ya 1 na 2: Jumatatu na Alhamisi usiku.
- Wiki ya 3 na 4: usiku mmoja ndiyo, mmoja hapana.
- Kuanzia wiki ya 5: kila usiku, kama ngozi haijachubuka.

Kipimo ni punje moja ya njegere kwa uso mzima. Aoshe uso, asubiri dakika 15 hadi ngozi ikauke kweli, kwa sababu ngozi yenye maji hunywa dawa nyingi na kuungua. Gawa punje hiyo kwa vidoti vitano: paji la uso, pua, mashavu mawili, kidevu. Kisha tandaza hadi isionekane. Iende eneo lote linalotoa chunusi, si kwenye kipele tu: kizibo cha mwezi ujao kimeshaanza kujengwa mahali unapoona pamelainika. Epuka kope, pembe za pua na midomo. Paka mafuta kidogo kwenye pembe hizo kabla, yawe kama ukuta. Malizia na losheni nyepesi. Ngozi ikiwa nyepesi kuchubuka, losheni itangulie, dawa ifuate, losheni tena juu.

Tyubu ya gramu 30 kwa kipimo hiki hufika miezi miwili hadi mitatu. Ikiisha ndani ya wiki tatu, mtoto anapaka mara tatu ya inavyotakiwa, na hapo ndipo zinapotoka simu za "dawa imemuunguza mwanangu".

Benzoili peroksaidi hung'oa rangi ya nguo. Ushungi wa shule wa bluu utapata mabaka ya chungwa, foronya ya maua itabaki na uso wa mtoto. Tumia foronya nyeupe, fulana nyeupe ya kulalia, na mtoto anawe mikono mara tu akimaliza. Iweke mahali pa ubaridi kivulini. Si dirishani, si kwenye gari. Ikipata joto huvunjika na inaweza kutoa benzini, kemikali isiyotakiwa kwenye ngozi.

Kinachokwenda kombo

Wiki ya pili hadi ya nne chunusi huonekana kuongezeka, hasa kwa adapaleni. Vizibo vilivyokuwa chini vinapanda. Wengi huacha hapo hapo, wakanunua kingine, kikachachamaa nacho, wakaacha. Mtoto anafika darasa la saba akiwa amejaribu dawa nane na hakuna hata moja iliyofika wiki ya nane. Nafuu ya kwanza hutazamiwa wiki ya 6 hadi 8, hukumu hutolewa wiki ya 12. Mpige picha siku ya kwanza, dirisha lilelile, saa ileile, kisha kila wiki nne. Kwa kumtazama kila siku hamtaona mabadiliko, ninyi wala yeye.

Ngozi ikibabuka na kuchoma akiosha kwa maji matupu, pumzisha dawa siku 3 hadi 5, losheni tu, kisha rudi kwenye ratiba ya wiki ya kwanza. Usiendelee kwa ushupavu. Kwenye ngozi nyeusi, kuchubuka kwenyewe huacha weusi, na mzazi hudhani chunusi imezidi.

Kosa jingine ni dawa mbili mpya siku moja. Uso ukivimba hujui umlaumu nani. Weka wiki nne kati ya kitu kipya na kingine.

Madoa meusi

Doa lililobaki baada ya kipele si kovu kama ngozi iko sawa ukipitisha kidole. Litapungua, kwa miezi mitatu hadi sita, pengine mwaka. Jua hulikolezesha. Kofia pana wakati wa michezo na krimu ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi, mistari miwili ya urefu wa kidole kwa uso na shingo, vinafanya kazi kubwa kuliko krimu yoyote ya kuondoa madoa. Asidi ya azelaiki ya asilimia 15 hadi 20 hutibu chunusi na kupunguza weusi kwa pamoja, na ni chaguo zuri kwa ngozi zetu. Kwa aliye chini ya miaka 12 aipime daktari. Haidrokwinoni isiguse uso wa mtoto.

Kishimo au uvimbe mgumu unaokua baada ya kipele kupona ni kovu. Familia yenye historia ya kovu nene linalopanda isisubiri, hasa chunusi zikiwa kwenye taya, kifua au mabega.

Chakula

Hapa tuseme kidogo. Sukari na wanga unaopanda haraka kwenye damu, yaani soda, juisi ya boksi, mandazi na chai yenye vijiko vinne, vinahusishwa na chunusi, na maziwa kwa baadhi ya watu. Ushahidi wa mafuta ya chipsi ni dhaifu. Punguza soda kwa sababu nyingi nyingine. Usimnyime mtoto anayekua maziwa, mayai na karanga kwa ajili ya vipele kumi.

Mikono na maneno

Kuna imani kwamba chunusi ni ishara ya mawazo machafu, au kwamba msichana "ameshaiva". Ikomeshwe nyumbani kabla haijamfikia. Mtoto wa darasa la nne anayeambiwa hivyo na mjomba mbele ya wageni hatakuja kukuonyesha uso wake tena, wala mabadiliko mengine ya mwili. Maneno yatosha kuwa mafupi: "Mwanangu, mwili wako umeanza kutengeneza mafuta mengi. Hukukosea kitu. Tutapaka dawa hii pamoja, itachukua muda."

Pamoja ni neno la kushikilia. Chini ya miaka 10, mzazi ndiye akamue tyubu na kuweka vidoti, mtoto atandaze. Baadaye ashike mwenyewe, nawe uangalie tyubu. Usimkamue. Wala asikamue mwenyewe, na kumwambia "acha" hakutoshi. Kata kucha fupi Jumapili, na kipele kilichoiva kikimsumbua, weka kitambaa kilichochovywa maji ya uvuguvugu dakika 10, mara tatu kwa siku. Kikipasuka chenyewe, safisha na ufunike kwa plasta ndogo.

Wakati wa kwenda hospitali

Siku hiyohiyo: uvimbe wenye joto na homa, hasa karibu na pua au jicho, jicho lililovimba, chunusi zilizolipuka ghafla zikawa vidonda pamoja na maumivu ya viungo.

Wiki hiyo: vinundu vikubwa vya ndani vinavyouma, makovu yanayoanza, chunusi zinazoshuka kifuani na mgongoni, dalili za kubalehe mapema nilizozitaja, au mtoto anayekataa kwenda shule kwa sababu ya uso. Vilevile kama zimeanza baada ya dawa mpya: steroidi za kumeza, baadhi ya dawa za kifafa, na isoniazidi inayotolewa kutibu au kukinga kifua kikuu zinaweza kuleta vipele vinavyofanana na chunusi. Usiache dawa hizo mwenyewe, muulize aliyeziandika.

Baada ya wiki 12 za matumizi sahihi bila nafuu, pia nenda. Daktari anaweza kuongeza antibayotiki ya kumeza kwa muda mfupi. Jua kwamba doksisaiklini haitolewi kwa chunusi za mtoto aliye chini ya miaka 8, kwa sababu hutia madoa ya kudumu kwenye meno yanayojengeka. Isotretinoini, dawa ya kumeza, ni ya daktari wa ngozi peke yake, kwa chunusi kali, na kwa kawaida kuanzia miaka 12. Ikitumika na mjamzito hulemaza mimba, kwa hiyo kidonge cha dada mkubwa hakigawiwi. Vidonge vya uzazi wa mpango vya mama navyo havihusiki hapa.

Huhitaji kusafiri hadi jiji kubwa kila mara. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, kilichofunguliwa 1992, kimekuwa kikiwafundisha matabibu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, na baadhi yao wako kwenye hospitali za mikoa na wilaya. Uliza mapokezi kama kliniki ya ngozi ina siku yake.

Ukienda, tia kwenye mfuko kila tyubu, kopo na sabuni ya nyumbani, pamoja na ile krimu isiyo na lebo kutoka saluni na mafuta ya msusi. Beba picha za wiki ya 0, 4 na 8. Andika tarehe ya kuanza kila dawa na usiku ngapi kwa wiki ilipakwa kweli, si ulivyokusudia ipakwe. Asubuhi hiyo mtoto aoshe uso na asipakwe chochote, hata losheni.